Sikio na Kinywa: Kipaza Sauti Katika Ngoma za Rufiji

Kiswahili kimevipa vitu viwili jina moja. Kile anachokishika mwimbaji mbele ya kinywa chake huitwa kipaza sauti, na kile kinachotundikwa juu ya mti ili watu wa mbali wasikie nacho huitwa kipaza sauti. Jina ni moja, kazi ni mbili. Cha kwanza, yaani maikrofoni, ni sikio: hakisemi neno, hupokea tu. Cha pili, yaani spika, ni kinywa: hakisikii neno, husema tu kile kilichopokewa. Katika harusi na sherehe za pwani watu aghalabu huuliza habari za kinywa: spika ni ngapi, na zinafika wapi? Ni nadra mtu kuuliza habari za sikio: maikrofoni imewekwa wapi, na inamsikia nani? Hata hivyo, swali hili la pili ndilo lililoamua, kwa muda wa karibu miaka mia moja, ni sauti zipi za ngoma zilizokuzwa na zipi zilizoachwa.

Swali hilo linafaa kutazamwa kutoka bonde la chini la mto Rufiji na delta yake, katika wilaya za Rufiji na Kibiti za Mkoa wa Pwani. Hapo mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, ukipita katikati ya mikoko inayofunika zaidi ya hekta 50,000. Ndiko kwao Wandengereko na Warufiji, na nyimbo zao huimbwa kwa Kindengereko na kwa Kiswahili. Ni nchi ya maji, tope na majani marefu, na kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kuibeba sauti au kuimeza.

Asidhani mtu kwamba kukuza sauti kulianza na umeme. Wakulima wa mpunga wa bonde la Rufiji tangu zamani wamejenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kujikinga na maji na kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Kazi ya aliyekaa dunguni ilikuwa kupaza sauti mchana kutwa, naye alijua bila kufunzwa shuleni kwamba sauti itokayo juu huvuka majani ya mpunga, na ile itokayo chini humezwa nayo. Mvuvi wa delta alijua la usiku: hewa iliyogusa maji ikipoa kuliko ile ya juu yake, sauti hupindishwa kurudi chini na kusafiri mbali kuliko mchana. Ngoma inayokesha ng'ambo ya mkono wa mto husikika kama ipo uani.

Ngoma yenyewe ina mpango wake. Ngozi hupashwa moto hata zikakaza, kwa kuwa ngozi iliyolegea kwa unyevu wa bahari hutoa mlio butu usiofika mbali. Wapigaji hukaa pamoja; manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, husimama karibu nao; na waitikiaji huwazunguka. Manju akitoa shairi, walio karibu hulipokea na kulirudisha kwa pamoja. Hapo ndipo penye siri. Maneno ya mtu mmoja hayauvuki kwa urahisi mlio wa msondo na chapuo, lakini maneno yale yale yakirudishwa na watu arubaini huuvuka. Aliyesimama nyuma kabisa, ambaye hakumsikia manju, huupata wimbo kwa waitikiaji, akauitikia naye, na aliye nyuma yake akaupata kwake. Kiitikio ndicho kipaza sauti cha kwanza cha ngoma, tena kina sifa ambayo hakuna chombo cha umeme kilicho nayo: hakipitishi neno ambalo watu hawakulikubali. Wimbo usiowaingia waitikiaji hufia kinywani mwa manju.

Mpango huo una mpaka, nao umewekwa na maumbile. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 34 kutoka kwa wapigaji huusikia mdundo ukiwa umechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akipiga makofi kwa kuufuata, makofi yake huwarudia wapigaji yakiwa yamechelewa mara mbili ya hapo. Ngoma hukorogeka. Ndiyo maana duara halikui bila kikomo: watu wakizidi, waliobaki nyuma hugeuka watazamaji, au huanzisha duara lao wenyewe.

Tena si kila neno lilitaka kupazwa. Habari kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka Rufiji ilienea kwa sauti ya chini kabisa. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kutoa dawa ya maji pamoja na ujumbe wa umoja dhidi ya utawala wa Wajerumani na mashamba yao ya pamba ya lazima. Ujumbe huo ulipita kijiji hadi kijiji kwa mnong'ono, njia ambayo wazee waliokuja kuvisimulia vita hivyo waliiita njwiywila. Vita vya Majimaji vililipuka mwishoni mwa Julai 1905, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, lakini neno lilikuwa limekwisha kuwa mikononi mwa wengine, nalo liliendelea kupiganiwa hadi 1907. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile iliyochapishwa mwaka 1969, aliliweka jambo hilo katikati ya mchezo: neno likishapokewa na watu, si la msemaji tena. Mnong'ono wa njwiywila na kiitikio cha ngoma ni ndugu. Vyote viwili huhesabu kwamba ujumbe haujafika mpaka apatikane wa kuubeba. Hali kadhalika nyimbo za unyago, zinazofunzwa mwali na wanawake peke yao, zina mipaka yake, na kuzitoa nje kwa spika si kuzikuza bali ni kuzivunja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sauti ipazwe kiasi gani, wenye ngoma walikuwa na swali la awali: je, hii ni ya kupazwa?

Chombo cha umeme kilizaliwa mbali. Mwaka 1915, huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham walikamilisha mtambo walioupa jina la Magnavox, ulioiwezesha sauti ya mtu mmoja kusikika na umati mkubwa mjini San Francisco mwezi Desemba mwaka huohuo. Mnamo Julai 1915, katika delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imefikia mwisho wake, ikipigwa na meli za Kiingereza ambazo mizinga yake iliongozwa na ndege zilizotuma ishara kwa mawimbi ya redio. Hivyo elimu ya kupeleka ujumbe kwa umeme ilifika juu ya mikoko ya Rufiji ikiwa kazi ya vita, miaka mingi kabla ya kufika ikiwa kazi ya nyimbo.

Kwa upande wa nyimbo, mwaka wa kukumbukwa ni 1925, pale kampuni za santuri zilipoanza kurekodi kwa maikrofoni. Kabla ya hapo mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya mapafu yake ndiyo iliyochora sahani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kisiwani Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za His Master's Voice, na sahani hizo zikasikika mwambao mzima. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliona umuhimu wa mwanamke huyo kutoka shamba aliyefika mahali ambapo sauti za watu wa kawaida zilikuwa hazifiki. Katika studio za zama hizo maikrofoni moja ilikuwa jambo la kawaida, na uwiano wa sauti uliamuliwa kwa miguu: mwenye sauti kubwa alirudi nyuma, mwenye sauti ndogo alisogea mbele. Sahani nayo ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja ulichukua dakika tatu hivi. Taarabu iliweza kukatwa ikatosha humo. Ngoma ya kukesha haikuweza.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, kazi ambayo baadaye iliwekwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Namna yake ya kurekodi inafaa kuzingatiwa na kila fundi. Hakuwapanga watu mbele ya maikrofoni. Aliishika maikrofoni mkononi, akatembea nayo miongoni mwao, akisogea kwa mwimbaji alipoimba, akielekea kwa waitikiaji walipoitikia, akiinama kwenye ala yenye sauti ndogo. Chombo kilikuwa kimoja tu, lakini sikio lilikuwa na miguu. Mtu anayezisikiliza rekodi hizo leo husikia swali na jibu, kwa sababu aliyeshika chombo alijua kwamba wimbo una pande mbili.

Redio ilileta tabia nyingine. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti pekee ya redio Tanzania Bara hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Ilihifadhi hazina kubwa ya muziki, na bila ya hiyo mengi yangekuwa yamepotea. Bendi zilirekodiwa zikipiga kwa pamoja, mara moja, kwa maikrofoni chache. Lakini wimbo wa ngoma uliotoka redioni ulikuwa umekwisha kutengana na uwanja wake. Msikilizaji wa Utete au Ikwiriri aliweza kuimba na redio. Redio haikuweza kumsikia. Kwa mara ya kwanza watu wengi walizoea wimbo ambao jibu lao halikuwa na kazi ndani yake.

Mambo mawili yaliyofuata yaliubadilisha uwanja wenyewe. La kwanza lilikuwa la siasa ya utamaduni. Mwezi Desemba 1962, alipoingia madarakani kama Rais, Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisema kwa uwazi kwamba ukoloni uliwafanya Waafrika wazionee haya ngoma zao. Ngoma zikapewa heshima. Zikaingia katika viwanja vya michezo, mapokezi ya viongozi na sherehe za taifa. Heshima hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuja na mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana jukwaa, na jukwaa lina upande mmoja. Duara likafunguliwa likawa mstari. Waliokuwa wakimtazama manju sasa walimtazama mgeni. Maikrofoni ikawekwa mbele, kwa kiongozi, kwa sababu mstari una mbele na nyuma, jambo ambalo duara halina.

La pili lilikuwa la ardhi. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalilikumba bonde la Rufiji, na baada yake serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, mojawapo ya operesheni za mwanzo za vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wametawanyika bondeni, karibu na mashamba yao ya mpunga na ya mlau, walihamishiwa katika vijiji vikubwa kwenye ardhi ya juu. Kuna mengi yaliyoandikwa juu ya hasara na faida za uhamisho huo kwa kilimo. Kwa upande wa ngoma, hesabu ni nyepesi: kijiji kikiwa na watu wengi, na uwanja ukiwa mmoja, walio nyuma ya duara huwa wengi kuliko walio ndani yake. Mpaka ule wa maumbile uliotajwa juu hufikiwa mapema. Haja ya kipaza sauti haikutokana na anasa wala kuiga mji. Ilitokana na watu kuwekwa pamoja zaidi ya vile duara lilivyoweza kuwabeba.

Basi mahitaji yalikuwepo, na vyombo navyo vikapatikana kidogo kidogo: betri ya gari, amplifaya, na spika yenye mdomo wa tarumbeta ya aina inayotumika misikitini. Mfano mashuhuri wa kile kilichozaliwa na vyombo hivyo uko mwisho mwingine wa Barabara ya Kilwa, ile inayoiunganisha Kibiti na Mbagala. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, vijana walichukua midundo ya ngoma za Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio na spika za tarumbeta, na matokeo yakaitwa mchiriku. Kundi la Jagwa Music, ambalo albamu yake Bongo Hotheads ilitoka Ubelgiji mwaka 2012, liliufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya Ulaya. Wako waliouita kelele. Lakini mwenye kusikiliza kwa makini atatambua kwamba mkwaruzo wa spika iliyozidiwa umechukua nafasi ya mvumo uliokuwa ukipendwa tangu zamani katika ala za asili. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 walifanya jambo linalofanana na hilo: walitengeneza maikrofoni zao kwa sumaku za vipuri vya magari ili likembe, ala ndogo ya vidole, isikike katikati ya jiji. Albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 iliwashangaza mafundi wa studio waliodhani kwamba mkwaruzo ni kosa.

Hukwe Zawose, Mgogo wa Doduma aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alikuwa na fumbo la upande wa pili. Ilimba yake ilikuwa na vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mvumo mwembamba juu yake. Maikrofoni iliyowekwa mahali pasipofaa huupokea mvumo huo kama hitilafu, na fundi asiyejua huusafisha. Akiusafisha, ameondoa kile ambacho mtengenezaji wa ilimba alikitia kwa makusudi. Mchiriku na ilimba vinakutana katika fundisho moja: kabla ya kukuza sauti, sharti fundi ajue wenyewe wanaiita sauti nini, na wanaiita kelele nini.

Kutokana na historia hii, mtambo mdogo kwa ngoma ya kijiji unaweza kupangwa bila ya gharama kubwa, maadamu mpangaji ameanza na sikio. Maikrofoni mbili, amplifaya moja, betri na spika mbili hutosha. Ngoma zenyewe hazihitaji maikrofoni. Zina nguvu ya kutosha, na zikiingia katika mtambo hula nguvu ya betri na kuyafunika maneno. Maneno ndiyo yanayohitaji msaada. Maikrofoni ya kwanza ni ya manju, shibiri moja kutoka kinywani mwake, yaani sentimita 20 na ushei. Umbali huu si jambo dogo: mahali pa wazi, kila umbali unapopunguzwa kwa nusu, sauti inayopokewa huongezeka kwa takriban desibeli 6, na nyongeza hiyo haigharimu senti. Maikrofoni nyingi za mkononi husikia zaidi mbele na kidogo sana nyuma. Kwa hiyo manju asimame akiwaelekea wapigaji, ili mgongo wa maikrofoni ndio utazamane nao, naye atasikika juu ya msondo bila kushindana nao.

Maikrofoni ya pili ni ya waitikiaji, na hii ndiyo inayosahauliwa. Iinuliwe juu ya mguu wake, kimo cha zaidi ya mtu, iwatazame kwa chini kutoka pima moja hivi, isikie kundi badala ya kinywa kimoja. Iwe mbali na ile ya kwanza angalau mara tatu ya umbali uliopo kati ya manju na maikrofoni yake, la sivyo sauti moja itaingia masikio mawili kwa nyakati mbili na kujikata yenyewe. Zaidi ya hizo mbili, kila nyongeza ina bei: idadi ya maikrofoni zilizo wazi ikiongezeka maradufu, mtambo hupoteza takriban desibeli 3 kabla ya spika kuanza kupiga mluzi. Anayeleta maikrofoni nane kwa ngoma ya watu arubaini huishia na sauti ndogo kuliko aliyeleta mbili. Nchini Marekani, waimbaji wa bluegrass wa zama za redio walitumia moja tu, wakiiendea na kuiacha kwa zamu. Mchezaji wa ngoma anayeingia katikati ya uwanja na kutoka hana haja ya kufundishwa mwendo huo.

Zinabaki spika. Desturi ni kuziweka mbele, zikiwatazama watu wote, na hapo ndipo mluzi na ugomvi huanzia. Katika ngoma ya duara mahali pake ni nje ya duara, zikilipa duara mgongo na kuwatazama waliosimama nyuma. Walio ndani wasikie kwa masikio yao, kama walivyosikia babu zao. Walio nje wasikie kwa msaada. Kipimo cha mwisho hakimo katika vitufe vya amplifaya. Fundi atembee hadi kwa mzee aliyesimama mwisho kabisa: anayapata maneno? Kisha arudi kwa manju: anakisikia kiitikio kwa masikio yake bila ya spika? Jibu likiwa ndiyo pande zote mbili, asiongeze tena. Manju asiyesikia kiitikio hana namna ya kujua kama wimbo wake umekubaliwa, na ataimba tu kwa sababu umeme upo. Wahenga walikwisha kuonya kwamba ngoma ikilia sana hupasuka.

Pengine itasemwa kwamba haya ni mambo madogo kwa nchi yenye haja kubwa zaidi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba tena watu wa Rufiji na Kibiti, na wengi wakahama tena makazi yao. Lakini ni katika kuhama huko ndiko uzito wa jambo hili unakoonekana. Wanaohama hawabebi uwanja. Wanabeba walichokihifadhi vichwani na, siku hizi, katika simu. Katika vijiji vya delta, kuanzia Salale na Mbuchi hadi Msala, Maparoni na Kiongoroni, umeme wa jua umeleta simu zenye chaji na amplifaya zisizohitaji jenereta. Ngoma hurekodiwa. Aghalabu hurekodiwa kwa simu iliyosogezwa karibu na spika, au kwa waya uliochomekwa kwenye amplifaya, na kwa njia zote mbili kinachohifadhiwa zaidi ni kile ambacho maikrofoni ilikisikia. Kama maikrofoni ilikuwa moja na ilikuwa ya manju, kinachobaki ni manju peke yake.

Mjukuu atakayeifungua rekodi hiyo miaka hamsini ijayo atamsikia babu akiuliza vizuri, kwa sauti safi na maneno yaliyo wazi, kisha anyamaze kungoja. Baada ya hapo ataisikia ngoma kwa mbali, na kimya mahali ambapo watu arubaini walikuwa wakijibu. Hatajua walisema nini, wala kama walikubali. Maikrofoni ya pili na mguu wake havizidi thamani ya spika ndogo moja. Ni jambo la kuamua, kabla ngoma haijaanza, wapi sikio liwekwe.